Kisanduku cha Wadini

Kamachumu, Kagera
6 Machi 2025

Mzee Aflah, shikamoo.

Hunifahamu. Naitwa Evodia, ni dada wa Ildefonce aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la Bwana Khattab huko Al Khoudh, Oman. Anwani yako ya barua pepe nimeikuta kwenye daftari lake lililorudi pamoja na mizigo. Ameiandika ukurasa wa kwanza, na chini yake: "Mzee Aflah, mwalimu wangu wa chipu." Nimeona nikuandikie wewe, maana wengine wote niliowapigia simu hawapokei.

Tulimzika tarehe 27 Februari. Mwili ulikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya hospitali, inasema alikufa maji Jumamosi tarehe 15. Ya pili ni maelezo ya polisi yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna mstari mmoja uliotuvurugia msiba. Unasema marehemu alishuka wadini, yaani kwenye bonde kavu la mto, mwenyewe, kwa hiari yake, bila kutumwa na mtu, huku akijua kwamba mvua inanyesha milimani.

Mjomba aliusoma mstari huo kwa sauti mbele ya waombolezaji. Sidhani alikusudia ubaya. Alitaka watu wajue kilichotokea. Lakini ulipotafsiriwa kwa Kiswahili, na kisha kwa Kihaya, ukawa unasema kitu kimoja tu: alijiua. Mjomba mwenyewe akaamua asilazwe karibu na baba. Amezikwa mwisho wa kibanja chetu cha migomba, upande wa njia. Watu wengine waliondoka kabla hatujamaliza kufukia.

Na mimi nilikuwa na jambo nililotamani nilifiche. Alhamisi ile, siku mbili kabla ya kifo chake, aliniandikia kwenye simu: "Dada, nimechoka kusubiri. Jumamosi naenda kulimaliza mwenyewe." Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Nikamjibu kwa picha ya dole gumba. Mjomba ameuona ujumbe huo, na mama pia.

Wewe ulikuwa naye kila Ijumaa. Naomba uniambie ukweli hata kama ni mbaya. Alichoka kusubiri nini?

Wako katika msiba,
Evodia

*

Al Khoudh, Maskati
12 Machi 2025

Bi Evodia,

Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupeni subira, wewe na mama yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kupata la kujibu.

Nikujuulishe kwanza mie ni nani. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Oman nna umri wa miaka minane. Nimefanya kazi ya mitambo ya simu mpaka nikastaafu. Naishi hapa na dada yangu mkubwa, Kheiria; binti yangu Noof aliolewa mwezi uliopita. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu.

Ildefonce alikuja mara ya mwanzo miaka miwili nyuma kuleta ndimu kutoka shamba. Nilikuwa mezani nafufua kompyuta kongwe ya ujanani kwangu kwa kuitia chipu mpya za kumbukumbu. Alisimama na kikapu chake, akatizama muda, halafu akauliza chipu ile inakumbuka vipi hali umeme umezimwa. Miaka thalathini nimekuwa na mchezo huu, na hapana mtu aliyewahi kuniuliza suala hilo ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia aweke kikapu chini.

Tangu siku ile akawa anakuja kila Ijumaa mchana, siku yake ya mapumziko. Nilimfunza kulehemu, na kusoma yaliyomo ndani ya chipu, namba baada ya namba. Alishika upesi kuliko wahandisi niliowahi kuwafundisha kazi. Kisanduku cha wadini kilikuwa fikra yake. Shamba la Khattab lipo ukingoni mwa wadi, bonde la mawe lililo kavu takriban mwaka mzima, lakini mvua ikinyesha milimani maji huja kwa ghafula, na hapo ulipo wewe jua linawaka. Vyumba vya wafanyakazi viko chini. Basi tukaunda kikompyuta kidogo chenye kihisi cha kupima kina cha maji, tukakifunga kwenye mwamba kilomita moja juu ya shamba, na king'ora tukakiweka juu ya paa la vyumba vyao. Wenye mashamba mawili ya jirani walikiona, wakataka na wao, tukawaundia.

Hakuwa mtu wa huzuni, mwanangu. Hilo nakuapia. Hayo maneno ya kuchoka sijui alikusudia nini. Pengine kazi ya shamba, ambayo ni nzito. Mimi siku hizo nilikuwa katika pirikapirika za arusi, sikuonana naye. Kisanduku chenyewe kilichukuliwa na maji, kwa hivyo hata mie sina cha kutizama.

Mwambie mama yako kijana wake alipendwa hapa.

Aflah bin Humaid

*

Kamachumu, Kagera
19 Machi 2025

Mzee Aflah, shikamoo.

Nashukuru kwa barua. Nilimsomea mama. Habari ya ndimu ilimfanya atabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: king'ora kililia? Nikairudia barua yako yote. Hukusema.

Juzi Obedi alinipigia. Ni yule aliyekuwa akilala chumba kimoja na Ildefonce. Ameacha kazi pale shambani, sasa yuko kwenye duka moja Azaiba, hukohuko Maskati, na ndiyo maana sasa anaweza kuongea. Anasema king'ora hakikulia kabisa. Anasema Ildefonce alipita mbele yake saa nane na robo mchana akiwa na bisibisi na kifuko kidogo cha plastiki, akamwambia amwekee chai, anarudi sasa hivi. Mtu anayekwenda kujiua haagizi chai. Obedi alikuwa juu ukingoni alipoyaona maji yanakuja yakiwa na matawi na mawe. Alipiga kelele, lakini Ildefonce alikuwa mbali katikati ya mawe, bado hajakifikia kisanduku. Alimpigia simu Bwana Khattab muda uleule, na simu yake bado inaonyesha saa: nane na dakika ishirini na sita.

Kuna jambo la mwisho. Anasema kisanduku hakikuchukuliwa na maji. Kilikuwa juu kwenye mwamba. Kesho yake asubuhi alikuona wewe, Mzee, umepanda na kamba, ukakifungua na kuondoka nacho ndani ya kanzu.

Sitaki kukukosea adabu. Lakini Obedi hana sababu ya kunidanganya.

Evodia

*

Al Khoudh
28 Machi 2025

Mwanangu Evodia,

Mie ni Kheiria, dada yake Aflah. Macho yangu hayaoni vizuri, kwa hivyo nnasema na Noof ndiye anayeandika. Nlimwambia aandike kama nnavyosema, asinipambie.

Barua yako imefika siku tisa sasa na ndugu yangu hajakujibu. Nnajua kwa sababu ameiwacha wazi kwenye kompyuta yake, na Noof, aliyekuja kututizama, kaisoma, kisha kanisomea. Usimkasirikie mtoto. Tangu barua ile, Aflah hafuturu na sisi. Hunywa maji, hula tende moja, huingia chumba chake cha vyuma na kufunga mlango.

Mimi mambo ya chipu siyajui. Ila ndugu yangu nimemlea, mama yetu alikufa sisi wadogo, na nnajua sura yake akisema uwongo tangu ana miaka mitano. Kisanduku kipo. Kipo juu ya meza, kimefunguliwa, nimekipapasa kwa mkono wangu.

Jana nlimfuata. Nlimuuliza yule kijana wa Kibukoba alikufa kwa ajili gani. Alisema kwa ajili ya maji. Nikamwambia maji nnayajua, nnakuuliza wewe. Akalia, mtu mzima wa miaka sitini.

Huyo mtoto alikuwa akija hapa nnampa chakula. Alikuwa akipenda mchuzi wa papa, na akinisomea dawa zangu zilizoandikwa Kiingereza. Sikuandikii nikutulize moyo. Nakuandikia ujue kwamba unalolitafuta lipo, na lipo ndani ya nyumba hii. Nimemwambia Aflah kuwa nimekuandikia. Sikutaka nifanye jambo kwa kificho, kificho tunacho cha kutosha.

Mama yako mpe pole yangu. Mwambie imetoka kwa mtu aliyezika watoto wawili.

Kheiria binti Humaid

*

Al Khoudh, Maskati
3 Aprili 2025

Bi Evodia,

Idi imepita. Sikutaka kuandika haya katika siku za sikukuu, na hiyo nayo ilikuwa njia yangu ya kuchelewesha. Sasa nakwambia.

Nilikudanganya mara tatu. Nilisema sijui alichokichoka. Nilisema sikuonana naye. Nilisema kisanduku kimechukuliwa na maji. Yote uwongo.

Ili uelewe, lazima nikueleze chipu ile inavyofanya kazi. Ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na inahifadhi ulichokiandika hata bila umeme. Kuisoma hakuichakazi. Kinachoichakaza ni kufuta, kwani huwezi kuandika pahala palipokwisha andikwa mpaka upafute kwanza. Kila kipande cha chipu kinahimili kufutwa kiasi cha mara laki moja, kisha huanza kukataa. Hayo nayajua tangu ujana wangu. Pamoja na hayo, programu niliyoiandika mimi ilikuwa ikifuta kipande kimoja kilekile kila dakika, ili iandike hali ya mwisho ya kifaa. Na kwa uvivu, katika kipande hichohicho nikaweka na kiwango cha khatari: maji yakifika sentimita mia na ishirini, king'ora kilie. Tulikifunga mwanzo wa Novemba. Fanya hesabu. Kufikia wiki ya pili ya Januari kipande kile kilikuwa kimeshafika mwisho wake.

Ildefonce ndiye aliyeligundua. Alikuwa na tabia ya kupanda kule na kunakili yaliyomo, akaona namba ambazo hazikai. Aliniambia mwezi wa Januari. Alisema tuwe tunazunguka kwenye chipu nzima badala ya kurudia pahala pamoja, na kile kiwango tukitenge mbali kisiguswe tena. Alikuwa na haki kwa kila neno. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Nikamwambia tusubiri arusi ya Noof ipite. Ijumaa ya pili nikamwambia hivyohivyo, na ya tatu.

Alhamisi tarehe 13 alikuja bila kuitwa, baada ya kazi, na ile programu ameshaiandika mwenyewe. Nyumba imejaa wageni, mafundi wa mahema wapo uani. Sikumkaribisha ndani. Nilimpa chipu mpya pale mlangoni, nikamwambia kama ana haraka akaibadilishe mwenyewe. Jioni ile ndipo alipokuandikia wewe. Alichokichoka ni kunisubiri mimi. Alichokwenda kukimaliza ni kisanduku.

Jumamosi saa saba mchana alinipigia simu. Alisema anaona mawingu juu ya milima, na kukifikia kisanduku lazima apite ndani ya wadi. Akaniuliza aende au angoje.

Nikamwambia, "Maji yakija king'ora kitalia. Nenda umalize."

Nilikuwa nachagua mazulia.

Kesho yake nilikwenda kukitoa kisanduku, kama alivyokwambia Obedi. Nikaibandua chipu, nikaiweka kwenye kisomeo. Vipimo vya maji vilikuwa vinaandikwa sehemu nyingine, nazo ni nzima. Saa nane na dakika kumi na tisa maji yalikuwa sentimita thalathini na nane. Dakika iliyofuata, mia na arubaini na moja. Hapo ndipo kilipotakiwa kulia. Nikatizama kile kipande chenye kiwango. Chipu iliyofutwa haisomeki sifuri, kama ambavyo mtu angedhani. Husomeka namba kubwa kuliko zote inazoweza kubeba. Kipande kilifutika, kisha kikakataa kuandikwa. Kwa hivyo kisanduku kilikuwa kinangoja maji yafike sentimita elfu sitini na tano, mia tano thalathini na tano, zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, ndipo kimwambie mtu akimbie.

Obedi alipiga simu saa nane na dakika ishirini na sita. Kwa hivyo, tangu maji yapite kwenye kisanduku hadi yamfikie yeye, zilikuwapo dakika sita. Nimekwenda kupima kwa miguu kutoka alipokuwa hadi ukingoni. Hatua arubaini.

Na la mwisho, ambalo nalionea haya kuliko yote. Polisi waliponiuliza, kwa kuwa namba yangu ndiyo ya mwisho kwenye simu yake, nilisema alinipigia kunijulia hali. Wakauliza nani alimtuma kule. Nikasema hakutumwa na mtu, alishuka mwenyewe, kwa hiari yake. Mstari uliosomwa na mjomba wako msibani ni maneno yangu mimi.

Hakujiua. Niliogopa kwa nafsi yangu, nikamtupia yeye.

Nimekuandikia ili wewe na mama yako mjue. Nakuomba, kama inawezekana, yabaki baina yetu. Noof ana wiki sita tu katika ukoo wa watu.

Aflah

*

Kamachumu, Kagera
20 Aprili 2025

Kwa Aflah bin Humaid.

Leo ni Pasaka. Nimetoka misa ya kwanza. Barua yako ninayo tangu tarehe tatu na nimeishi nayo peke yangu. Niliogopa kumsomea mama maana inaishia kwa kuomba tufiche.

Hayatabaki kati yetu. Mdogo wangu amelala pembeni ya njia kwa sababu ya sentensi yako, na wewe unaniambia habari ya ukoo wa watu. Sisi tulikuwa na ukoo pia. Barua yako haitoshi. Mjomba atasema ni Mwarabu fulani ameandika ili tunyamaze. Ninataka karatasi ya polisi, yenye mhuri uleule wa ile ya kwanza, inayosema nani alimtuma na kwa kazi gani. Nenda kwa waliokuandikia maelezo, ukayabadilishe.

Kuna jambo lingine, na hili sijui kama unalijua au umejisahaulisha. Katika barua yako ya kwanza uliniambia mashamba mawili ya jirani yana visanduku kama kile. Katika barua ya pili umenieleza vizuri kabisa jinsi chipu inavyochakaa, mpaka mimi mwalimu wa jiografia nimeelewa. Lakini hakuna mahali umesema kwamba vile viwili umevitoa. Je, bado viko pale? Bado kuna watu wanalala chini yake wakingoja vilie?

Nimelichukua daftari lake. Kuna kurasa nne za namba na mishale ambazo mjomba alituonyesha kama ushahidi kwamba kijana alikuwa amechanganyikiwa. Nimezipiga picha, nimeziambatisha hapa. Nadhani ndizo zile. Zitazame, kisha unijibu ulichofanya. Usiniandikie unavyojisikia.

Evodia

*

Al Khoudh, Maskati
9 Mei 2025

Bi Evodia,

Najibu kwa mpango ulioutaka.

Barua yako ilifika Jumapili asubuhi. Ulichoniuliza juu ya vile visanduku viwili sikuwa nimekifanya. Sina udhuru. Siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri nilikwenda shamba la kwanza, kwa Awadh, na la pili, kwa Yaarub. Niliwakusanya wafanyakazi na wenye mashamba pamoja, nikawaambia king'ora kisitegemewe na kwa nini. Yaarub alinifukuza, lakini baada ya kuniacha nikifungue. Nilivisoma vyote viwili mezani. Cha kwa Awadh kilikuwa bado kinasoma mia na ishirini. Cha kwa Yaarub kilikuwa kinasoma ile namba kubwa. Kwa Yaarub wanalala watu kumi na mmoja.

Zile kurasa nne ndizo. Ni programu ya kuzungusha maandishi kwenye chipu nzima, na ndani yake ameweka jambo ambalo mimi sikulifikiria hata baadaye: kiwango cha khatari kinahifadhiwa pahala patatu, na vikihitilafiana, au vikisomeka tupu, king'ora kinalia hapohapo. Yaani kifaa kikiharibika kipige kelele, kisinyamaze. Hakuna kosa hata moja. Awadh alikubali kifungwe upya kwa programu hiyo, baada ya mhandisi mwengine, si mimi, kukijaribu siku kumi. Yaarub hakutaka tena, amewahamishia watu wake juu kwenye mlima.

Tarehe 22 Aprili nilikwenda polisi. Dada yangu Kheiria alinifuata, akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Nilimwambia ofisa kwamba maelezo yangu ya Februari si ya kweli. Alinitizama, akaniuliza kama nimefahamu ninachokifanya. Nikamwambia nimefahamu. Nikampa chipu, na karatasi za vipimo, na nikamtajia ile simu ya saa saba. Walimwita Obedi kutoka Azaiba, naye akasema aliyoyaona. Faili limekwenda kwa mwendesha mashtaka. Nimenyang'anywa pasipoti, na kesi itasikilizwa baada ya Idi ya pili.

Maelezo mapya nimeyaambatisha, pamoja na tafsiri iliyopigwa mhuri. Mstari wa nne unasema marehemu alitumwa na mimi, kwa jina langu, kwenda kutengeneza kifaa cha kuwaonya wenzake. Karatasi ya asili imetumwa kwa njia ya ubalozi wenu.

Noof anajua yote. Babake mume amesema arudi kwao, na Noof yuko hapa nyumbani tangu wiki iliyopita. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu niliwahi kuitumia arusi yake kama kisingizio kwako.

Nikirejeshewa pasipoti, na kama nitakuwa huru, naomba ruhusa nije Kamachumu, nisimame mbele ya mama yako.

Aflah bin Humaid

*

Kamachumu, Kagera
8 Juni 2025

Kwa Aflah bin Humaid.

Karatasi ya asili imefika. Niliifuata mwenyewe Bukoba mjini.

Nilimsomea mama jikoni, sisi wawili tu. Nilisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Alinisimamisha kwenye mstari wa nne, akataka niurudie. Nikaurudia. Hakuuliza juu ya chipu wala maji. Alisema, "Basi alikuwa kazini." Halafu akaniambia niondoe sufuria motoni, ndizi zinaungua.

Siku hiyo alikula. Siku hizi anatoka, anakwenda jumuiya, na anataja jina la mwanawe mbele za watu. Zamani alikuwa akisema "yule".

Jumapili iliyofuata katekista aliisoma karatasi baada ya misa. Watu wawili au watatu walikuja kunishika mkono. Wengi walipita kando, nadhani kwa aibu. Mjomba aliichukua, akavaa miwani, akaisoma yote peke yake nje ya kanisa. Alinirudishia akisema kaburi halichimbwi mara mbili. Kwa hiyo Ildefonce atabaki kule kando ya njia. Mama ameanza kupanda maua pale. Mimi bado siwezi kwenda.

Nimefikiri juu ya watu kumi na mmoja wa kwa Yaarub. Nimefurahi kwamba wako hai, na nimefurahi kwamba ni kurasa za mdogo wangu zinazowalinda wale wa kwa Awadh. Nimewaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu habari hiyo darasani, bila kutaja jina lako. Mmoja aliuliza Ildefonce alisoma chuo gani. Nikamwambia alisoma siku za Ijumaa.

Mshukuru Bi Kheiria kwa ajili yangu. Yeye nitamwandikia. Noof mwambie sina neno naye.

Umeomba ruhusa ya kuja. Usije. Mama angekupokea, namfahamu, angekukaribisha na kukupikia, na mimi ndiye ningelazimika kukuwekea chakula mezani. Siwezi. Ulifanya nilichokutaka ufanye, na ulifanya chote. Hilo nimeliona. Lakini kila ninapofika pale uliposema ulikuwa unachagua mazulia, naiweka barua chini, na siku hiyo inakuwa imekwisha.

Sitaki kuishi hivi mpaka uzee. Nina mama, na nina madarasa matatu. Pengine itapungua. Kwa leo nakuchukia, na nimeona ni haki ulisikie kutoka kwangu.

Usiniandikie tena.

Evodia